Usiguse Pazia

Nyumbani, 3 Juni

Mwanangu Uzi,

Huku hatujambo, isipokuwa cherehani yangu kubwa ndiyo inayoumwa. Kanyagio limelegea, na fundi wake ananiambia kesho tangu mwezi uliopita. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanijua. Nikiishika nasahau nilichotaka kusema, na wewe unaanza "sawa mama, sawa mama" kama mtu anayefukuza kuku.

Habari yenyewe ni hii. Wanawake wa chumba chetu cha ushonaji tumekubaliana kusafiri. Sare za shule tumezimaliza zote, mwenye shule ameridhika, na sasa tunataka kutoka kidogo tukauone mji wako wa pwani. Mama Redio ndiye aliyelianzisha, na jirani yetu huyu unamjua, hata ukimziba mdomo neno litatokea masikioni. Anataka kukanyaga bahari. Umri wote huu hajaiona, na anasema hataki afe akiwa anaisikia tu kwenye utabiri wa hali ya hewa. Wengine wanataka kuona vichochoro na majumba ya zamani. Mimi nataka kuiona hiyo nyumba ya kale unayofanyia kazi. Nimewaambia wote kuwa mwanangu ndiye anayeongoza wageni mle ndani, anajua kila chumba alilala nani. Nimejisifu mpaka nikaona haya mwenyewe.

Tutakuja Jumamosi tarehe 21 na kurudi siku hiyo hiyo. Usituandalie chochote. Simama tu pale mlangoni ili niwaambie wenzangu, huyu hapa. Nimekushonea gauni la kijani. Vipimo nimekisia, kwa hiyo kama umenenepa sema mapema.

Mama yako


Mjini, 9 Juni

Mama mpendwa, shikamoo.

Barua yako imenikuta nafua, nimeisoma mikono ikiwa na povu. Nimefurahi mno kusikia mnakuja, ila nimekosa bahati. Tarehe hiyo sitakuwepo. Kazini wananipeleka mafunzo mji mwingine, na nimembembeleza msimamizi anibadilishie siku, amekataa katakata.

Mkifika nendeni ufukweni kwanza, asubuhi, kabla mchanga haujawa moto. Vaeni viatu vya chini, maana vichochoro vina mawe yanayoteleza. Dukani msinunue kwa mtu wa kwanza, huyo huwaona wageni kwa mbali na bei inapanda mkiwa bado mnavuka barabara.

Hiyo nyumba ya kale, kusema kweli, si lazima muingie. Ndani kuna giza na ngazi zimesimama wima, magoti ya Mama Redio hayatazipenda. Mkiitazama kwa nje inatosha. Gauni mwachieni mlinzi wa getini, nitalichukua nikirudi.

Si kwamba sitaki kuwaona, mama. Usije ukafikiri hivyo.

Binti yako, Uzi


Nyumbani, 24 Juni

Mwanangu,

Tumerudi salama. Bahari tumeiona. Mama Redio alisimama maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, akaitazama weee, halafu akauliza kama kelele zile usiku huzimwa. Akajaza chupa ya maji yake, anasema atawaonjesha wasiomwamini. Mama Mkasi, mkataji wetu, uliyekuwa ukimwogopa kwa ule unene wake, kwenye vichochoro ilibidi apite kiubavu, na watu wa upande wa pili wakamngoja kwa adabu. Nimependa mji wako. Kuta zake nene, nimeziegemea nikahisi ubaridi mpaka mgongoni. Nimependa na zile baraza ambazo mtu anakaa tu na hakuna anayemuuliza anangoja nini.

Ile nyumba unayofanyia kazi tuliingia. Najua ulisema tusiingie, lakini sikuweza kufika mpaka pale nisipaone unaposhinda. Tulipokewa na msichana mmoja aliyevaa lile gauni refu jeupe la kizamani ambalo nadhani mnavalishwa wote. Umbo kama lako. Hata lile kovu la sikioni, ulipoangukia mkasi wangu, na yeye analo pale pale. Mama Redio akaninong'oneza, "Huyu si Uzi huyu?" Nikamwambia, "Wapi, Uzi yuko mafunzoni. Watu hufanana." Akanitazama, kisha akanyamaza. Mama Redio, kunyamaza.

Msichana anaijua kazi yake. Alituonyesha kisima cha uani, akatuonyesha dirisha ambalo wanawake walichungulia barabarani bila kuonekana. Anasema nyumba ni ya ukoo wao. Akatupandisha chumba cha juu chenye kitanda kirefu na pazia jeupe, akasema, "Mama yangu alifia kwenye kitanda hiki nikiwa mdogo. Hata uso wake siukumbuki." Alisema vizuri sana. Wenzangu walijifuta machozi.

Mimi nilikuwa wa mwisho kuingia, nikajikuta nimesimama karibu na kitanda. Upindo wa pazia umefumuka upande wa miguuni. Na mkono wangu unaujua, haungojei ruhusa, ukaenda wenyewe. Msichana akasema, "Mgeni wetu, tafadhali usiguse pazia." Wengine wote alikuwa anawaita mama. Mama angalia ngazi, mama inama hapo. Mimi akaniita mgeni. Nikautoa mkono, nikamwomba radhi.

Nimemhurumia, binti mdogo vile na hana mama. Ukimwona kazini umsalimie.

Gauni la kijani nimerudi nalo. Mlinzi aliniuliza ni la nani, nikashindwa kumjibu, nikaona nisimpotezee muda. Njia nzima ya kurudi wenzangu waliimba, tena waliimba vibaya, mpaka kichwa kikaniuma.

Mama


Mjini, 1 Julai

Mama, shikamoo.

Nashukuru mlifika salama na mkafurahi. Mimi nilirudi kutoka mafunzoni Jumatatu, nikakuta watu wanawasifu kuwa kundi lenu lilikuwa na heshima.

Yule msichana nimemwona na salamu zako nimempa. Amesema asante sana. Amesema pia kama kuna neno lilikuudhi umsamehe, kule ndani ni sheria, hakuna mgeni anayeruhusiwa kugusa vitu, awe nani.

Huku jua kali. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Leo naituma hivi hivi ilivyo.

Binti yako


Nyumbani, 8 Julai

We Uzi,

Usishtuke na mwandiko, ni mimi, Mama Redio. Salamu sikuletei. Zilikuwepo, lakini nimezirudisha ndani mpaka tumalizane.

Mimi nimekuogesha kwenye beseni la bluu ukiwa huna hata jino. Nakujua mbele, nakujua na kisogo. Ulipotugeuzia mgongo kupanda zile ngazi ulikuwa unaburuta mguu wa kushoto, kama ulivyouburuta ukienda darasa la kwanza. Kwa hiyo habari za mafunzo wapelekee wasiokujua.

Sasa nikwambie usichokiona ukiwa huko. Barua yako ya mwisho mama yako alitusomea kwa sauti, kama anavyosoma zote. Alipofika pale "amesema asante sana" akakwama. Akasema ni vumbi la kitambaa. Akaikunja, akaketi kwenye cherehani, na jioni tukaona ameshona shati lenye mikono miwili ya kushoto. Mama yako huyo. Mwanamke aliyemrudishia bwana harusi suruali kwa sababu mfuko mmoja umezidi mwenzake kwa upana wa uzi. Tukalificha lile shati asilione tena.

Tangu siku hiyo hakutaji. Zamani tulikuwa tunachoka, Uzi hivi, Uzi vile, Uzi ameongoza balozi, Uzi anajua historia. Tulikuwa tunakonyezana. Sasa ningelipia kusikia akijisifu hata kidogo. Na gauni la kijani amelifumua. Lote. Hakulichana, amelifumua mshono kwa mshono, vipande akavipiga pasi akavikunja, akaviweka kwenye droo ya cherehani. Nilimuuliza kwa nini, akasema halina mwenyewe.

Sijamwambia mtu. Umesikia? Mimi. Neno hili linanizunguka tumboni tangu Jumamosi ile na usiku linaniamsha, lakini sijalitoa. Usidhani nakusitiri wewe. Wewe ningekutangaza mpaka sokoni. Namsitiri yeye.

Mwandikie. Na usimwandikie tena habari za yule msichana, maana nikisikia "amesema asante" nyingine napanda basi nakuja kukuvua hilo gauni jeupe mbele ya wageni wako.

Mama Redio


Mjini, 15 Julai

Mama,

Hakuna msichana mwingine. Ni mimi.

Sikwenda mafunzo yoyote. Nilibadilishana zamu na mwenzangu ili nijifungie chumbani kwangu mpaka basi lenu liondoke. Asubuhi ile mwenzangu akaamka na homa, msimamizi akaja kunigongea. Ningeweza kusema na mimi naumwa. Nikajidanganya kuwa hamtaingia, si nimeshawaambia kuna giza na ngazi mbaya.

Nikueleze ilivyo kazi yetu, si kwa kujitetea. Pale kila mwongozaji husimulia nyumba kama ya kwao. Msimamizi anasema wageni hawalii kwa sababu ya kuta. Kwa hiyo kila mmoja wetu hupewa mtu wa nyumba ile wa kuwa. Mwenzangu ni mjukuu wa mjenzi, mwingine ni mpwa wa nahodha, mimi nikapewa binti aliyefiwa na mama. Mwanzoni yalikuwa yanaisha nikivua lile gauni. Kisha nikaona watu wanalia, nikaanza kutia chumvi. Hilo la kutoukumbuka uso wako, yaani uso wake, halikuandikwa popote, nimeliongeza mwenyewe. Kisha wenzangu, ambao wengi wamezaliwa kwenye vichochoro vile na babu zao wamezikwa pale, wakaniuliza kwetu hasa ni wapi, nikacheka tu, nikawaacha waamini wanavyotaka. Sikutaka kuwaambia natoka kwenye chumba cha ushonaji nyuma ya stendi, ambako tulikuwa tunalala chini ya meza ya kukatia.

Nilikuonea haya, mama. Nimeiandika sentensi hiyo, nimeikodolea macho, na siifuti kwa sababu ndiyo kweli.

Nilikuona tangu mko barabarani. Ulikuwa umeshika mfuko wenye gauni kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai. Nikajiambia, akiniita Uzi nitaitika. Nadhani ningeitika. Lakini hukuniita. Nilisikia Mama Redio akinong'ona, nikasikia na jibu lako, nikajua umenitambua na umeniachia njia. Na bado nikapanda zile ngazi. Nikasimama mbele yako nikasema umekufa. Nilipokuona unagusa pazia nilitaka kusema mama kama nilivyowaambia wengine wote, neno likagoma, likatoka lile la mgeni. Ulipoomba radhi, nilitamani ardhi inimeze na kitanda chake.

Jumatano nilikuwa na kundi kubwa. Nikafika chumba cha juu nikaanza kama kawaida, halafu nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama aliyefia hapa si wangu. Wangu yu hai. Ni fundi cherehani. Alikuja hapa mwezi uliopita, akataka kuutengeneza upindo wa pazia hili, nikamkataza kama simjui." Watu wakatazamana. Bwana mmoja akauliza kama hiyo nayo ni sehemu ya simulizi. Nikamwambia hapana. Mkewe akamfinya.

Msimamizi aliniita ofisini. Hajanifukuza, ila amenitoa ndani. Sasa nakaa getini, nimevaa nguo zangu, naonyesha wageni choo kilipo na njia ya kwenda ufukweni. Wenzangu wananisalimia kwa adabu mpya na sijui kama wananicheka. Acha wanicheke.

Nimesikia umelifumua gauni. Usianze kumtafuta aliyeniambia, unamjua. Sikuombi uje tena, sina uso wa kuomba hilo. Naomba unijibu tu, hata mstari mmoja, hata kama ni wa matusi.

Uzi, binti yako


Nyumbani, 29 Julai

Uzi,

Nimechelewa kujibu makusudi. Nilingoja hasira ipoe. Haikupoa yote, kwa hiyo iliyobaki nakuandikia nayo.

Umeniua kwenye kitanda cha watu, mwanangu. Mimi mzima, nimesimama, nina jasho la safari na mchanga viatuni. Nilikuzaa kwa shida, nikakulea na cherehani moja, halafu unasema uso wangu huukumbuki. Nimelia kwa ajili ya neno hilo kuliko nilivyomlilia baba yako. Haya, nimelisema, sasa limetoka.

Kuna jambo hukuniuliza. Mama Redio aliponinong'oneza, mimi ndiye niliyesema si wewe. Jibu lilitoka haraka, kama nilikuwa nalo mfukoni. Nilijiambia nakusitiri usiumbuke kazini kwako. Si hivyo tu. Nilikutazama umenyooka vile, unaongea kama watu wa redioni, nikajitazama na mfuko wangu, nikaona kweli, huyu hawezi kuwa na mama kama mimi. Nilijionea haya. Hicho ndicho kilichonikosesha usingizi, kwamba pale mlangoni nilikubaliana na wewe.

Nikawa nimebaki na uongo wangu hapa. Wenzangu wanajua Uzi alikuwa mafunzoni. Ningekuja tena ukaniita mama mbele yao, wangejua niliwadanganya. Nikaona bora nisije kabisa. Barua yako nilikaa nayo kifuani siku nyingi, nashona huku inanichoma.

Ijumaa nikapiga moyo konde. Nikasimamisha cherehani, nikasema, "Yule msichana wa nyumba ya kale alikuwa Uzi." Hakuna aliyeinua kichwa. Mama Mkasi akamaliza kukata kola aliyokuwa nayo, kisha akasema, "Tulijua tangu mlangoni."

Basi zima, Uzi. Wote walijua, na hakuna aliyemwambia mwenzake, kila mmoja alidhani anajua peke yake. Unakumbuka nilikuandikia kuwa njia nzima waliimba vibaya? Niliwachukia siku ile. Dereva aliwaomba wapunguze, wakazidisha. Mimi nilikuwa nimegeukia dirishani nalia, nikashukuru tu kwamba kwa zile kelele hakuna anayenisikia. Ndiyo maana waliimba. Mama Mkasi alianza, wengine wakapokea, na kila mmoja aliona mabega yangu.

Sikujua pa kuuweka uso. Nilishika kitambaa nikajifunika nacho, na kilikuwa cha mteja. Mama Redio naye akaangua kilio, anasema hii ndiyo habari pekee aliyowahi kuifungia maishani na kumbe alikuwa anawafungia watu wanaoijua.

Tunarudi Jumamosi tarehe 16 Agosti. Gauni nimelishona upya, nimeongeza kiunoni, maana kwenye lile jeupe nilikuona umejaza kidogo na nilifurahi hata katika hali ile. Livae ukishalipokea, hapo hapo getini. Utuonyeshe choo kwanza, Mama Redio atakuwa amebanwa. Kisha umwombe msimamizi uingie na sisi, kama mgeni, ukasikilize mwingine anavyosimulia. Mwambie pia kuna fundi anakuja na sindano na uzi mweupe kwa ajili ya lile pazia. Akikataa, sawa, litabaki limefumuka, ni lake. Lakini wewe usinikataze.

Siahidi kwamba nitakukumbatia. Inawezekana nikakusalimia kwa baridi, na ikawezekana nikakupiga kofi, sijijui. Nipe muda. Ila mtu yeyote akiuliza pale getini huyu ni nani, awe msimamizi, awe mlinzi, wewe nyamaza. Safari hii najibu mimi.

Mama yako